Kwa mdogo wangu anayetaka kubadilisha springi ya Canter uani kwake: barua ya wazi

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeziangalia kwa makini picha ulizonitumia. Majani mawili (vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) ya springi ya nyuma upande wa kushoto yamekatika katikati, pale pale penye tundu la senta bolti, ile bolti inayoyafunga majani pamoja, na senta bolti yenyewe imekatika, ndiyo maana ekseli imerudi nyuma upande mmoja na gari likawa linakwenda upande. Umeamua kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani, kwa kuwa bei uliyotajiwa gereji ingemeza mapato ya viazi ya msimu mzima. Sikukatazi. Ninakuandikia hadharani kwa sababu wapo wengi wenye lori moja tu la kutegemea ambao hufikia uamuzi kama wako, na ningependa wao pia wasome habari ya handibreki kabla ya kushika jeki.

Katika Canter nyingi, kama ilivyo kwa malori mengine madogo ya Kijapani, handibreki haishiki magurudumu yenyewe, bali hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye difu, yaani gia za katikati ya ekseli ya nyuma zinazogawa mzunguko kwa magurudumu ya pande mbili. Magurudumu ya nyuma ya pande zote mbili yakiwa yamekanyaga chini, gari hutulia. Ukinyanyua upande mmoja, difu huliruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka kinyume na lile lililobaki chini, na gari linaweza kubingirika ingawa handibreki imevutwa hadi mwisho na gia imeingizwa. Ukinyanyua pande zote mbili, basi ni magurudumu ya mbele peke yake yanayolizuia gari. Kwa hiyo yawekee kabari nzito mbele na nyuma, kushoto na kulia, mahali tambarare penye ardhi ngumu, na ikiwa mvua imenyesha usiiamini ardhi ya uani kwenu. Tandika mbao nene chini ya jeki na chini ya stendi.

Uzito wa gari ubebwe na stendi zilizowekwa chini ya chasisi. Jeki, hata iwe mpya, ni ya kunyanyulia, wala usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Utahitaji jeki nyingine chini ya ekseli, kwa sababu itakubidi kuipandisha na kuishusha kidogo kidogo unapotafuta mahali pa pini zinazoshika ncha za springi, na pia kwa sababu ekseli ikiachwa ining'inie huvuta mpira wa breki. Kuhusu nati za magurudumu, soma herufi iliyogongwa kwenye ncha ya stadi, ile bolti inayofungwa nati: penye L, nati hufunguka kwa kuzungushwa upande unaokwenda mshale wa saa. Nimeona watu wakikata stadi nzima kwa kulazimisha bomba refu upande usio wake.

Yubolti za zamani, zile bolti zenye umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli, zikate, wala usifikirie kuzirudisha, kwani zimekwisha kuvutika na nyuzi zake zimeliwa na kutu. Ukishaishusha springi, yabane majani kwa klempu mbili imara, moja kila upande wa senta bolti, kabla hujaigusa nati yake, kwa kuwa majani yale yamepindwa kwa nguvu na yakiachiwa ghafla huruka. Mtu akikushauri uyachomee yaliyokatika, mkatalie. Moto wa kuchomea huuondolea chuma cha springi ugumu wake wa kunesa, na jani litakatika tena kando ya pale lilipochomewa, pengine ukiwa na mzigo mlimani. Ukinunua springi za mtumba, zisugue kwa brashi ya waya uone kama zina nyufa, linganisha idadi na unene wa majani na zile ulizozitoa, kisha ubadilishe pande zote mbili, la sivyo gari litalala upande wa springi iliyochoka.

Sasa swali ambalo hukuniuliza: kwa nini zilikatika? Jani likikatika penye tundu la katikati, mimi hushuku kwanza yubolti zilizolegea. Yubolti zikibana sawasawa, sehemu ile ya katikati hainesi kabisa. Zikilegea, majani huanza kujipinda palepale penye tundu, na senta bolti hubebeshwa kazi ya kuizuia ekseli, kazi ambayo haikutengenezewa. Kwa hiyo usiponunua yubolti mpya, hata springi bora kuliko zote haitakusaidia.

Wakati wa kurudisha, hakikisha kichwa cha senta bolti kimezama katika tundu lake juu ya ekseli. Kaza nati za yubolti kwa zamu, ukivuka kutoka pembe moja hadi ya mkabala, kwa hatua, mpaka kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Spana yenye kipimo waweza kuiazima kwa fundi yeyote unayemfahamu. Springi mpya hukaa zaidi inapobeba mzigo, kwa hiyo baada ya safari ya kwanza yenye mzigo nati hizo zikazwe tena.

Mwisho, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kushoto na kulia. Nitumie vipimo hivyo viwili kabla hujapakia gunia lolote, na vikitofautiana usiondoke, tutafungua tena upande uliosogea.

Kaka yako