Nitie sahihi karatasi ya "sina dai lingine"?

Wakili, pokea salamu zangu.

Nimekuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area kwa miaka 7 na miezi 5. Wiki mbili zilizopita tulifika zamu ya asubuhi tukakuta majina 14 yamebandikwa kando ya mashine ya kupigia kadi. Langu lilikuwa la tisa. Sikuwa nimepewa barua wala kuitwa mkutanoni. Kufikia saa nne nilikuwa nimerudisha ufunguo wa stoo. Askari wa langoni, ambaye miaka yote huniita Mama Brian, alinifungulia bila kuniangalia usoni.

Walisema oda zimepungua. Hilo silipingi, hata mimi niliona mizigo ikikaa. Kinachoniuma ni hesabu. Juzi meneja wa wafanyakazi alinisukumia karatasi: shilingi 41,500 za "kifuta jasho", na chini yake mstari unaosema nimelipwa haki zangu zote na sina dai lingine. Nikamuuliza malipo ya kuachishwa kazi yako wapi. Akanijibu kwa upole, "Mama, wewe uko NSSF. Mwenye NSSF hapati hayo."

Nilimwamini, kwa kuwa nimo kwenye mfuko huo wa akiba ya uzeeni. Ni jirani yangu wa ploti, aliyewahi kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, aliyenifungua macho. Kumbe kuna malipo mawili yanayochanganywa. Yale ya utumishi, yaani ya anayeachana na mwajiri kwa notisi ya kawaida, kweli, mwanachama wa NSSF hayapati. Lakini anayeachishwa kwa sababu kazi imepungua analindwa na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007: mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliokamilisha, awe NSSF asiwe. Juu yake kuna notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, pesa za likizo iliyobaki, na afisa wa leba lazima aarifiwe kwa maandishi.

Tulipiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Mshahara wangu ni 28,000. Nusu yake, 14,000, mara miaka 7 ni 98,000. Ukiongeza notisi, 126,000. Hapo hatujagusa siku 16 za likizo wala siku nilizofanya mwezi huu.

Sasa nimekwama. Meneja anasema bila sahihi hakuna hundi, na hata cheti cha utumishi sipewi. Bila cheti hicho nitaombaje kazi kwingine? Nikitia sahihi, nitakuwa nimejifungia mlango wa mahakama ya kazi? Naweza kupokea hizo 41,500 na kuandika kando kwamba sikubaliani na hesabu? Tena wanadai mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, kwa hiyo miaka 7 haipo, ilhali sijawahi kukaa nje hata wiki moja kati ya mkataba na mwingine.

Jambo jingine: aliyebakizwa stoo ni kijana aliyeajiriwa mwaka jana, niliyemfundisha mimi. Simwonei kijicho, naye ana wazazi wanaomtegemea. Lakini nasikia sheria inataka waangalie muda wa mtu kazini na ujuzi wake kabla ya kuchagua wa kuondoka.

Kodi ya nyumba inadaiwa tarehe 5, na Ijumaa saa tatu asubuhi natakiwa ofisini. Niende huko, au nianzie kwa afisa wa leba?

Mama Brian,
Mukuru, Nairobi