Polisi na mlinzi kwenye mlango mmoja

Isevya, Tabora

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu za huku Unyamwezi, na mawese yamefika salama, ahsante sana. Umeuliza kwa nini mlinzi wa kampuni na askari polisi wanakesha kwenye mlango mmoja wa benki pale Mwanga, Kigoma, lakini mlinzi anaweza kuwa na chama cha kumsemea mshahara, polisi hawezi.

Jibu liko mwanzoni kabisa mwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 2. Inawahusu wafanyakazi wote wa Tanzania Bara, watumishi wa serikali wakiwemo, isipokuwa walio katika Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Hao wameachiwa vifungu vitatu tu, cha 5, 6 na 7, vinavyokataza ajira ya watoto, kazi ya lazima na ubaguzi. Basi si ulinzi unaomnyima polisi chama, ni kule kuwa ndani ya jeshi. Wawili hao ni kama mabehewa yanayotoka Dar: yamekuja pamoja, yakifika Tabora mengine ni ya Kigoma, mengine ya Mwanza.

Wanaosema tunavunja mikataba ya kimataifa kwa kuwanyima polisi chama wameisoma nusu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 87 wa 1948 na namba 98 wa 1949, yote tumeiridhia, na yote inaiachia kila nchi iamue haki hizo ziwafikie polisi kwa kiasi gani. Mwenye hoja aipeleke bungeni.

Mlinzi wa kampuni ndiye mwenye njia ya kusemewa na chama, na wengi huipotezea kwenye hesabu. Chama kilichosajiliwa hutambuliwa na mwajiri kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi katika kundi kinalolisemea. Kwanza liwekeni wazi kundi lenyewe: walinzi wa Kigoma peke yao, au wa kampuni nzima? Wakiwa 60, wanatakiwa wanachama 31; 30 hawatoshi. Kila mmoja awe amesaini fomu ya kukatwa ada, maana mwajiri akibisha idadi, fomu hizo ndizo ushahidi. Kisha chama kimpelekee mwajiri taarifa kwa fomu rasmi, na nakala igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Tarehe hiyo ni kila kitu: mwajiri ana siku 30 za kukutana nao. Asipokutana, au wakikutana wasielewane, shauri linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kusuluhishwa, na likikwama huko ni Mahakama ya Kazi. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri juu ya mshahara na masharti ya kazi, ukipatikana uwe wa maandishi, usainiwe, nakala ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi. Wasitumie nguvu zao kudai kilichokwisha kuwa chao kisheria: saa za ziada ni mara moja na nusu, na kazi ya usiku, saa mbili usiku hadi kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5.

Sasa hao polisi wa Marekani uliosikia kuwa wana vyama. Kule polisi wengi ni wa miji, na mwajiri wao ni mji. Mwaka 1919 zaidi ya polisi 1,100 wa Boston waligoma kwa kukatazwa chama, wote walifukuzwa. Somo hilo lilikaa miaka mingi. Jimbo la Pennsylvania lilipotunga sheria yake ya polisi na zimamoto mwaka 1968, mgomo ulibadilishwa kwa uamuzi unaofunga pande zote. Majadiliano yanaanza miezi sita kabla ya mwaka wa fedha. Zikipita siku 30 bila kuelewana, linaundwa baraza la waamuzi watatu. Kila upande unateua mmoja, na wa tatu wanakubaliana. Wakishindwa wanaletewa majina matatu, mji unafuta moja, chama kinafuta moja, anayebaki ndiye. Jimbo la Carolina Kaskazini, kwa upande wake, limepiga marufuku kabisa mikataba kati ya serikali na vyama vya watumishi wake. Afrika Kusini polisi wana vyama, kikiwemo POPCRU, chama cha polisi na magereza, tangu 1989, lakini nao hawaruhusiwi kugoma.

Kwa maoni yangu, kinachofaa kuigwa ni yule mwamuzi wa tatu wa Pennsylvania. Mgomo wa polisi mimi siutetei. Ila pana shimo: huko Marekani nidhamu nayo iliingizwa mezani, ikawa mikataba mingine inafuta kumbukumbu za makosa baada ya muda, na askari aliyefukuzwa kwa kupiga raia anaweza kurudishwa na mwamuzi. Mshahara, nyumba, sare na saa vijadiliwe; kumpiga mtu kusijadiliwe.

Ukiandika tena, niambie jamaa wa kampuni wamesaini wangapi. Kama hawajavuka nusu, taarifa kwa mwajiri isitoke kwanza.

Wako,
Maganga