Kwa mdogo wangu, kiungo: kuhusu ile milioni moja na laki mbili

Ugonile, mdogo wangu, kwa salamu ya kwetu Kinyakyusa.

Simu zangu hupokei tangu Oktoba. Meseji unasoma, unanyamaza. Basi nakuandikia hapa, wenzako wa kambini watakuonyesha hata usipotaka.

Nianze na kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira. Siku ile ulipoanza kikosi cha kwanza niliwalipia watu watano kiingilio kwa mfuko wangu. Na ulicheza, sitasema uongo. Namba sita wa kuzaliwa: unaangalia nyuma ya bega kabla pasi haijakufikia, mipira ya pili yote yako, hupigi chenga pasipo na haja. Wakakupa mchezaji bora wa mechi. Mtangazaji akakuuliza unamshukuru nani. Kibanda kizima kikanigeukia, na jirani yangu akanishika bega kabisa, tayari kunipongeza.

Ukasema unamshukuru Mungu, benchi la ufundi, wachezaji wenzako na mashabiki.

Basi. Hata ndaga, ahsante ya kwetu, ya kuibia hakuna. Muuza kahawa akasema labda muda ulikuwa mdogo. Jirani akautoa mkono wake begani taratibu, kama mtu anayemwekea mtoto shuka asiamke. Ule mkono nausikia mpaka leo.

Nani alikupeleka Mbarali tarehe 29 Novemba 2022? Shule ulitoroka, mama nikamdanganya mimi. Ihefu wakaifunga Yanga 2-1, Yanga iliyokuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza, watu wakakumbatiana na wasiowajua, na wewe ukawa unanisimulia jinsi viungo walivyokuwa wanazibiana njia. Magoli hukuyataja. Nikajua huyu siyo mtoto wa kuachwa alime chai. (Timu yenyewe siku hizi haiko Mbarali, imehamia Singida na jina imebadili. Mpira wa kwetu ndivyo ulivyo.) Marehemu baba angekuwepo angeanza tena habari za Tukuyu Stars na ubingwa wa 1986, utadhani alifunga yeye.

Najua kinachokuuma ni pesa ya usajili. Tuiseme.

2023 ulikuwa na miaka 17, ilibidi mlezi asaini mkataba. Mama akasema kaka yako ndiye anayeweza karatasi. Nilisoma ukurasa wa kwanza na ule wenye pesa. Miaka mitatu; baadaye ndiyo nimejua kwamba kwa kanuni za FIFA, aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa zaidi ya hapo, kwa hiyo walikufunga mpaka ukomo na mimi nikashukuru. Tulisainia juu ya boneti ya gari, nje ya uwanja wa Sokoine. Kalamu ya yule bwana wa timu iligoma, nikakimbia kununua nyingine. Wewe ulikuwa pembeni unakula muhindi wa kuchoma. Milioni moja na laki mbili, keshi.

Laki saba na nusu ilikwenda kwenye mabati na mbao. Umesahau mvua ya Tukuyu? Umesahau mama anavyohamisha kitanda usiku, mara huku, mara kule, na sufuria nne zinakinga? Laki moja na nusu ni dawa zake na deni la dukani. Ungemuuliza angekwambia. Hukumuuliza. Uliniuliza mimi, mbele ya wajomba, chakula kikiwa mkekani: "Kaka, pesa yangu iko wapi?" Sauti ya kumuuliza mwizi.

Sasa nisikilize kwa hili moja, halafu uendelee kununa. Mkataba unaisha Juni. Umeingia miezi sita ya mwisho, una ruhusa ya kusaini na timu nyingine bila kuomba mtu. Soma kurasa zote. Na wakirudia kukukalisha bila mshahara, miezi miwili ikitimia waandikie, wape siku 15 walipe, wasipolipa una haki ya kuvunja. Kwa maandishi, siyo kwa kulalamika chumbani. Mwaka jana ulikaa miezi mitatu kimya, na goti limevimba. Nani alikutumia elfu thelathini? Mara nne! Hizo kwenye hesabu yako hazimo? Kijana wa miaka 19 anajua bei ya njumu, bei ya kaka hajui.

Lakini wewe siku zote ulikuwa mzuri wa hesabu, na najua umeshaona hapo juu hazitimii. Laki tatu.

Nilitangulizia pikipiki. Nilijiambia nitairudisha kwa abiria kabla hujauliza, na kweli wiki za mwanzo ndiyo iliyokuwa ikikuwahisha kosta ya alfajiri ya Mbeya, kwa hiyo kwa namna fulani ilikuwa yako. Kwa namna fulani. Marejesho yalinishinda, mwenye nayo akaja kuichukua. Wajombani pale ningeweza kusema, nikakuita mtoto asiye na shukrani. Mama mpaka leo anajua iliibwa. Binti wa jirani humsomea mambo ya kwenye simu. Binti, mwanangu, hapa ulipofika ruka.

Bati la upande wa jikoni linapiga kelele upepo ukija. Misumari nilibania. Ukija Juni pitia dukani, nusu kilo inatosha, ile ya kofia.