Barua kwa Mwanangu Aliye Mbarara: Soma Kwanza, Kisha Utazame

Walukuba, Jinja

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na bibi yako anakusalimu kwa majina yako yote matatu, kama ilivyo kawaida yake. Uliniuliza utazame nini, usikilize nini na usome nini katika likizo yako ya wiki mbili, ukaniomba orodha. Orodha sikupi, kwa sababu nakujua: utaanza na lililo jepesi na kuishia hapo hapo. Heri nikueleze mimi ningeanzia wapi.

Ningeanza na Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Inatupeleka Zanzibar ya miaka ya 1950, wakati wa Waingereza, kwa Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kupita kiasi, kisha akaikimbia ndoa hiyo na kupata hifadhi kwa Mwajuma. Hapo ndipo anapokutana na Denge, kijana anayesakwa kwa siasa zake. Amil Shivji aliifanyia filamu mwaka 2021, na najua ninyi vijana hupenda kutazama kwanza. Safari hii usifanye hivyo. Filamu ni nzuri, na usiku wa vichochoro vya Mji Mkongwe sijauona ukipigwa picha kwa ustadi kama ule. Lakini inakwenda kwa utulivu, mengi inayaachia macho ya waigizaji, na mtu asiyekuwa amekaa na Mwajuma kitabuni atadhani hakuna linalotendeka. Mimi niliitazama kabla ya kusoma nikasinzia, nikaitazama tena baada ya kusoma nikalia.

Kiswahili chake kisikutishe. Hapa Uganda wengi wetu tulikijua kwa sauti ya askari kwenye vizuizi vya barabarani, na mpaka leo yupo jirani yetu anayeshtuka ukimwamkia kwa lugha hii. Bibi yako alikuja nayo kutoka pwani, nami nimetamani siku zote uisikie ikitania, ikibembeleza na ikigombana, si ikiamrisha tu. Kwa ajili hiyo hiyo tafuta Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotoka baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Yusuf, mtoto mdogo, anachukuliwa na tajiri Aziz ambaye amezoea kumwita kwa jina la undugu, kumbe si ndugu: baba yake amemweka rehani kwa deni. Kisha ufuate msafara wa biashara unaoingia bara, kabla ya Wajerumani na Waingereza kuanza kupigana katika nchi zetu. Hata kama uliisoma kwa Kiingereza, isome tena.

Kintu, riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi, ni kama imeandikwa kwa ajili ya njia yako, ingawa hiyo ni ya Kiingereza. Kila upandapo basi la Kampala kwenda Mbarara unavuka Lwera, nawe huwa umelala. Mwaka 1750, Kintu Kidda, mtawala wa jimbo la Buddu katika ufalme wa Buganda, anapita nyika hiyo hiyo pamoja na watu wake kwenda kumwona Kabaka mpya, na kofi moja analompiga kijana aliyemlea linaleta kifo na laana inayokifuata kizazi chake mpaka mwaka 2004. Ukifika pale siku nyingine, fumbua macho.

Filamu za kwetu sitazirefusha. Tazama The Girl in the Yellow Jumper ya Loukman Ali, lakini usiitazame peke yako usiku.

Juu ya muziki nina ugomvi nawe. Mwaka jana ulinipeleka kwenye onyesho la ghali katika hoteli moja ya Kampala, mwimbaji akafungua mdomo huku mashine ikiimba, na watu wakashangilia! Siku moja nenda ukaisikilize Afrigo, bendi iliyoanzishwa mwaka 1975 na Moses Matovu na wenzake, uone jinsi watu wanavyopokezana wimbo kwa kutazamana. Hata hivyo, kama utachagua kimoja tu, chagua embaire. Ni marimba makubwa ya Busoga: vipande vya mbao vinalazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, na shimo hilo ndilo linalokuza sauti, wapigaji kadhaa hukaa pande mbili wakifungamanisha mapigo yao hadi usijue nani amepiga nini. Wapigaji wa kijiji cha Nakibembe wamekwisha kutoa albamu, lakini spika haiwezi kukupa ule mtikisiko unaopanda kutoka udongoni kupitia nyayo. Kutoka hapa ni mwendo mfupi, na mjomba wako ameahidi kutupeleka.

Kwa hiyo njoo nyumbani wiki ya pili ya likizo. Vuta N'kuvute nimempa kondakta wa basi la Ijumaa, nimeifunga kwa khaki. Tafadhali usimwazime rafiki yako yule. Nakala yangu ya Kuli, riwaya nyingine ya Adam Shafi, bado iko kwake, naye hata salamu haleti.

Mimi mama yako