Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mfuko wa mazishi na ile picha ya ukutani

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za siku nyingi kwa wale ambao hatujaonana tangu mkutano uliopita.

Mambo ya kawaida nayapitia fasta maana katibu na mweka hazina watayasoma kwa urefu. Ada zimeingia vizuri kuliko mwaka wa nyuma, darasa la Kiswahili la watoto la Jumamosi linaendelea, futari ya pamoja ilifana sana na kina mama waliopika Mungu awalipe, kodi ya ukumbi imepanda na komiti bado inaongea na wenye jengo.

Sasa ile picha. Imeleta maneno kwenye grupu kuliko hata kodi, kwahiyo naiongelea kama mwenyekiti na kila mtu asikie msimamo wangu. Kwa ambao hamjafika ukumbini, dada yetu mmoja anayefanya kazi ya kulea wazee aliipata kwenye soko la vitu vya zamani akatuletea zawadi, ina fremu nyeusi ya mbao na kioo, ni picha ya wanaume wakila chakula kwenye nyumba ya maskini ya St Marylebone hapahapa London, ya miaka ya karibu 1900 hivi. Sogeeni karibu muiangalie vizuri. Wamepangwa safu kwa safu kama watahiniwa wa darasa la saba, meza nyembamba ndefu, wote wamegeuzwa upande mmoja, hakuna anayekula akimtazama mwenzake usoni. Nguo ni za sare. Na wengi ni wazee, watu wa kukaa barazani kupewa shikamoo.

Wengine mmeandika kwamba historia ya wazungu haituhusu, mwingine kasema picha ya mikosi ishushwe. Nawaheshimu wote ila sikubaliani.

Hizi nyumba, workhouse zenyewe, zilienea Uingereza nzima baada ya sheria ya maskini ya 1834, na sheria ile ilitaka maisha ya mle ndani yawe magumu kuliko ya kibarua fukara wa nje, makusudi kabisa, ili mtu asiombe msaada mpaka awe amekwama pande zote. Ukiingia unavuliwa nguo zako unapewa za humo, mume kwake, mke kwake, watoto kwao. Kazi ni kuponda mawe, au kuchambua kamba kuukuu za meli nyuzi moja moja mpaka vidole vinachubuka. Kule Andover mwaka 1845 ikagundulika wanaume waliopewa kazi ya kusaga mifupa iwe mbolea walikuwa wanagombania ile yenye uboho waitafune kwa njaa, mpaka bunge likaunda kamati kuchunguza. Na huu ndo wakati Uingereza ilikuwa tajiri kuliko nchi yoyote duniani! Wazee wa kwenye picha hiyo hawakuwa na pensheni, pensheni ya serikali ilianza kulipwa 1909, shilingi 5 kwa wiki kwa aliyefika miaka 70.

Watoto wa darasa la Jumamosi waliniuliza kama kuna mtu maarufu alipitia humo, nikawaambia wapo. Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu, aliingia ya hapahapa London akiwa na miaka 7, mwaka 1896. Na Stanley, huyuhuyu aliyetua Zanzibar 1871 akakodi wapagazi kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone, jina lake la kuzaliwa John Rowlands, alitupwa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph kule Wales akiwa na miaka 6 na akakulia humo. Kwahiyo nani kasema haituhusu.

Lakini kilichonifanya mimi niitetee hii picha ni mfuko wetu wa mazishi. Maskini wa enzi hizo walichokiogopa kuliko njaa ni kufia mle ndani, maana sheria ya 1832 iliruhusu maiti ya mtu asiye na ndugu wa kuidai ipelekwe kwa madaktari ikapasuliwe kufundishia wanafunzi. Wakafanyaje? Walichanga. Peni moja moja kwa wiki, kwenye vikundi vya mtaani, vya kilabuni, vya kazini, na wengine walikosa mkate lakini peni ya mazishi ikatoka, ili siku yao ikifika wazikwe na watu wao. Hicho ni kufa na kuzikana, ndugu zangu, ndo hichihichi tunachokifanya sisi hapa kila mwezi, na wanaosema mchango wetu ni mzigo naomba wakasimame mbele ya ile picha kidogo.

Mwaka huu alipofariki mzee wetu mmoja aliyekuwa anaishi peke yake, hela ya kumsafirisha ilikuwepo, mfuko haukututia aibu, ila namba ya ndugu zake Tanga hakuna aliyekuwa nayo. Tuliitafuta kwa kupigia watu simu usiku na mchana mpaka mpwa wake akapatikana. Hilo liliniumiza sana na sitaki lijirudie.

Komiti imekaa na imeamua hivi. Picha inabaki ukutani, na chini yake tutaweka maelezo ya Kiswahili na Kiingereza, vijana wawili wa darasa la Jumamosi ndo wanayaandika. Pili, kila mwanachama atajaza fomu yenye majina na simu za watu wawili, mmoja wa hapa na mmoja wa nyumbani, hata kama unaishi na mkeo na watoto jaza tu. Fomu ziko kwa katibu, asiyeweza kufika atumiwe kwa WhatsApp, na zirudi zote kabla ya Ramadhani. Waliochelewa michango ya mfuko wamuone mweka hazina pembeni wapange kulipa kidogokidogo, hakuna atakayetangazwa jina.

Namkaribisha mweka hazina asome hesabu.