Utafiti wa ubunifu usiishie kwenye vinyago

Ndugu Mhariri,

Kila utamaduni wa Mtwara na Lindi unapojadiliwa, mazungumzo huishia kwenye vinyago vya Kimakonde. Vinastahili sifa, lakini ubunifu wa kila siku hauna wa kuuandika. Mtazame mama wa Mikindani anayesuka mkeka: huchemsha ukindu na rangi sufuriani, kisha huamua mwenyewe mstari wa zambarau upite wapi. Pesa ni kidogo (na dalali ana fungu lake), ila sifa za majirani na utulivu wa moyo humrudisha barazani kila alasiri.

Takwimu za kipato hazionyeshi hayo. Vyuo vyetu viwatume wanafunzi Mikindani, Newala na Kilwa, wakae na wasukaji, mafundi baiskeli na watunzi wa nyimbo za ngoma, wawaulize kazi hizo zinawapa nini. Matokeo yasomwe kwanza kwenye mikutano ya mitaa na vijiji.

Msomaji wako,
Mtwara