Risala ya Timu ya Soka ya Wasichana kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, karibuni sana hapa Lindi.

Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya taifa, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India. Kama msichana wa Kitanzania anaweza mpira, hilo limeshajibiwa. Huku kusini kilichobaki ni uwanja, muda na vifaa.

Uwanja wa shule ni mmoja, na saa 10 alasiri wavulana wameshaingia. Msichana anayebanwa nyuma ya goli atajua danadana, lakini hatajua kupanga mabeki wala mtego wa kuotea. Tunaomba uwanja mzima Jumanne na Alhamisi, saa 10:00 hadi 11:30. Tumeishia hapo makusudi: wazazi wengi hawamkatazi binti mpira, wanamkatazia njia ya giza.

Jambo linalotusumbua zaidi ni magoti. Wasichana huumia kano ya mbele ya goti zaidi kuliko wavulana, mara nyingi bila kuguswa na mtu, wanapotua au kugeuka ghafla. Hatari huongezeka mguu ukiwa umenyooka na goti likiingia ndani. Kinga yake haina gharama. FIFA wana programu ya kupasha mwili ya dakika 20: dakika 8 za kukimbia taratibu, 10 za nguvu, mizani na kuruka, kisha 2 za mbio za kasi. Ifanywe angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Ikifanywa bila mtu wa kusahihisha magoti, faida yake hupungua sana, kwa hiyo tunaomba walimu wawili wapelekwe mafunzo, mmoja wao awe mwanamke.

Wapo wazazi wenye wasiwasi wa stara, nasi tunawaheshimu. Sheria za soka zinaruhusu hijabu tangu 2014: iwe nyeusi au ya rangi ya jezi, isishonwe kwenye jezi, isiwe na pini. Taiti ndefu chini ya bukta nayo inaruhusiwa, mradi zifanane rangi. Tunaomba seti moja ya jezi ishonwe hivyo.

Njumu ziwe za meno mafupi ya mpira, na za saizi zetu. Njumu za kaka huchezacheza kisiginoni, zikaleta malengelenge na kuteguka kifundo. Tunaomba pia mipira 8 namba 5, pampu, na taulo za kike ndani ya sanduku la huduma ya kwanza.

Mwisho, mechi. Timu inayokusanywa wiki mbili kabla ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, huingia uwanjani bila pumzi wala maelewano, halafu watu husema wasichana hawawezi. Tunaomba ofisi yako itusaidie usafiri wa mechi moja kila mwezi na shule jirani, kuanzia muhula huu.

Tunaomba kuwasilisha.